Tegu wa nguruwe hufikaje ubongoni?

Swali: Daktari amesema kifafa cha kaka yangu kimetokana na tegu wa nguruwe, yaani mnyoo bapa anayepatikana katika nyama ya nguruwe, ilhali yeye hali nyama hiyo kabisa. Inawezekanaje?

Jibu la 1: Pole sana, ndugu. Nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo wa utumboni, lakini ugonjwa wa ubongoni hutokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mwenye mnyoo huo, pengine kupitia mikono ya mpishi asiyenawa. Lava, yaani mnyoo mchanga anayetoka kwenye yai, hupenya utumbo, husafiri katika damu na kujifungia ubongoni ndani ya kifuko.

Jibu la 2: Niongeze kwamba kifuko hicho huweza kukaa kimya kwa miaka, na mara nyingi degedege huanza lava inapokufa na kinga ya mwili kuishambulia. Kwa hiyo, tafadhali, asijinunulie mwenyewe albendazoli, dawa ya minyoo, kwani huua lava hizo.

Jibu la 3: Wanaoishi naye nao wapimwe choo.