Maji ya bomba yana ladha ya chuma, sinki limeota rangi ya kijani na nina mtoto mchanga, naombeni ushauri

Mpangaji_Mpya:
Habari zenu wakuu. Tumehamia nyumba ya kupanga juzijuzi tu, maji yapo muda wote hilo nashukuru, shida ni kwamba asubuhi ukifungua koki ya jikoni yanatoka na ladha ya chuma kama umelamba sarafu, na kwenye sinki pale maji yanapodondokea pameota alama ya kijani inayoelekea bluu, hata usugue vipi haitoki. Mchana ladha inapungua. Kuna siku nyingine yanatoka meupe pee halafu baadaye yanakaa sawa. Ya kunywa tunachemsha, hilo hatufanyi mchezo, ila mtoto wetu hajafika miezi sita na maziwa ya mama hayatoshi, tunamwongezea ya kopo na tunakorogea maji hayohayo. Sasa amepita jamaa muuza filta, kachovya kakifaa kake kwenye glasi ikasoma namba kubwa, akasema haya maji ni sumu ninunue mtambo wake. Nianzie wapi wadau, ninunue au kuna cha kufanya kwanza?

Moto_Tu:
Mkuu unajitesa bure, hiyo ni klorini. Chemsha muda mrefu zaidi, acha yapoe, kunywa. Mambo ya kemikali ni biashara za watu.

FundiKoki:
Samahani wa hapo juu lakini hapo unampoteza mwenzio. Moto unaua vijidudu, na klorini kweli inaruka, ila risasi (ile metali, lead), shaba, floridi, naitreti, aseniki haviruki na mvuke. Maji yanapungua vyenyewe vinabaki sufuriani, kwa hiyo ukizidisha kuchemsha unavikoleza.

Mleta mada, kijani hicho ni shaba, bomba zako zinaliwa na maji taratibu. Na ukisema asubuhi ladha kali mchana inapungua ushajijibu nusu, maana maji yaliyolala kwenye bomba usiku kucha ndiyo yanayokula metali, ingekuwa tatizo linatoka kwenye bomba kubwa la mtaani ladha ingekuwa ileile kutwa nzima. Shaba ikizidi inaleta kichefuchefu na kutapika, ila mimi nisingehofia shaba sana, ningehofia kinachounga hizo bomba. Solda za zamani zilikuwa na risasi, na koki nyingi za zamani pia. Nenda chini ya sinki ukaangalie. Bomba la rangi ya kijivu kwaruza kidogo na sarafu, likiwa laini na pakang'aa kifedha na sumaku haishiki, hilo ni la risasi lenyewe. Sumaku ikishika ni chuma.

Yale meupe jaza glasi uiache mezani, yakianza kukata kuanzia chini kwenda juu ni hewa tu, usipoteze usingizi.

MamaPacha:
Kaka mambo ya bomba baadaye, mtoto kwanza. Kuanzia leo maziwa ya kopo korogea maji ya chupa au ya chanzo kingine unachokiamini, nayo uyachemshe vilevile maana ni mtoto mchanga. Usije ukapunguza kipimo cha unga eti maji ya chupa ni gharama. Wifi aendelee kunyonyesha hicho kidogo kilichopo. Na mkienda kliniki mwambieni daktari hiyo habari ya maji na muulize kama mtoto apimwe damu kuangalia risasi, kwa watoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, inagusa ubongo unaokua.

Kijiwe_Cha_Zamani:
Sisi tumekunywa maji ya kutu tangu utotoni na tupo tunadunda 😂 vijana wa siku hizi bwana

Mkemia_Wa_Zamu:
Mzee wangu, kutu ni afadhali kwa sababu unaiona. Risasi ikiyeyuka kwenye maji haina rangi, harufu wala ladha. Mji wa Flint kule Michigan, Marekani, mwaka 2014 walibadilisha chanzo wakaanza kutumia maji ya mto bila kuweka dawa ya kuzuia bomba kuliwa, risasi ikatoka kwenye bomba za zamani ikaingia majumbani na watoto walipopimwa damu ikaonekana humo. Kwa hiyo ladha na alama za mleta mada ni dalili ya kumfanya apime, haziwezi kumwambia kuna nini na kiasi gani.

Sasa huyo muuza filta. Kile kakifaa ni TDS, kinapima umeme unavyopita kwenye maji kisha kinakadiria chumvichumvi zote kwa ujumla, kalisi na magnesi humohumo ambazo hazina ubaya. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni maikrogramu 10 kwa lita, yaani sehemu ya mia ya miligramu moja, na vifaa hivyo vya mkononi kwa kawaida vinahesabu miligramu nzimanzima. Maji yanaweza kusoma namba ndogo yakawa na risasi, na yakasoma kubwa yakawa salama. Ni danganya toto.

Mpangaji_Mpya:
Asanteni sana, maji ya mtoto tumebadilisha. Nimechungulia chini ya sinki, bomba ni za shaba na maungio yana solda ya kijivu, nyumba ni ya zamani kweli. Halafu jirani ananiambia presha ikishuka mwenye nyumba anachanganya na maji ya kisima kwenye tangi, hilo sikuambiwa wakati wa kulipia.

Mkemia_Wa_Zamu:
Duh, hapo umeongeza jambo. Kisima kikiwa karibu na shimo la choo au mashamba yanayowekwa mbolea kuna naitreti, na huyo mtoto ndiye wa kwanza kudhurika maana kwa wachanga inazuia damu kubeba oksijeni, midomo na kucha zinageuka bluu, mkiona hivyo ni hospitali mbio. Kiwango ni miligramu 50 kwa lita. Kama miamba ya huko ni ya volkano pima na floridi, mwisho miligramu 1.5 kwa lita, na aseniki mwisho maikrogramu 10 kwa lita. Kwa hiyo ukienda maabara usiseme "nipimieni maji", watakupimia vijidudu na chumvi urudi nyumbani unashangilia. Taja kwa majina: risasi, shaba, naitreti, floridi, aseniki.

Chupa chukua kwao. Ya risasi na shaba maji yalale kwenye bomba angalau saa 6, kinga lita ya kwanza kabisa ya asubuhi kwenye koki ya baridi ya jikoni, usifungue kile kichujio cha mdomoni mwa koki kwanza. Kinga nyingine baada ya kuyaacha yatiririke dakika kadhaa. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili chini, ni bomba zako. Naitreti, floridi na aseniki kinga siku kisima kimewashwa.

FundiKoki:
Na wakati unasubiri majibu, asubuhi mwaga maji mpaka yabadilike ubaridi ndiyo uyatumie, hayo ya mwanzo fanyia usafi. Ya koki ya moto usinywe wala kupikia, moto unavuta metali zaidi.

Filta nunua kulingana na majibu. Ya kaboni ya kawaida inatoa klorini na harufu, floridi na naitreti zinapita kama hazioni kitu. Kama ni risasi tafuta iliyoandikwa NSF/ANSI 53 (kiwango cha Kimarekani cha filta za maji) na kwenye karatasi yake risasi imetajwa. Majibu yakionyesha vya kisimani, yaani naitreti, floridi au aseniki, hapo ndiyo unaongelea RO, mtambo unaosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, nayo usipobadilisha filta zake kwa wakati ni pambo.

Mpangaji_Mpya:
Nimeelewa, maabara kesho, muuza filta asubiri. La mwisho, kuoga na kumwogesha mtoto je?

MamaPacha:
Ogeni tu, hizo metali hazipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kutisha, angalia tu asiyanywe. Ila siku yakinuka petroli usitumie hata kuoga, petroli iliyomwagika ardhini inapenya bomba za plastiki. Hiyo piga simu kwa watu wa maji palepale.