Fundi kanifungia tabo, mfumo wa mafuta kauacha nusu. Leo pistoni ina tundu

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu.

Pikapu yangu ni ya petroli, silinda nne. Niliipeleka ifungwe tabo (kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini) kwa sababu inabeba mzigo na milima ilikuwa inaishinda. Makubaliano yalikuwa mafupi: tabo isukume hewa kwa presha ya bar 0.7 tu, na mfumo mzima wa mafuta uboreshwe uendane nayo. Mzima. Hilo neno nililirudia makusudi, na kila nikilitaja fundi anaitikia "ondoa shaka, bosi".

Alichofanya ni kubadilisha pampu ya ndani ya tenki na nozeli nne (za kunyunyizia mafuta), akagusagusa programu ya kompyuta gari likiwa linanguruma pale pale gereji, akanikabidhi funguo.

Siku ya tatu, mlimani, gia ya tatu, nimekanyaga mafuta, injini ikaanza kugonga kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mpaka natoa mguu zimepita labda sekunde tano. Zikatosha. Moshi wa bluu nyuma, dipstiki imeruka kutoka mahali pake, silinda ya tatu haina kompresheni (mgandamizo) kabisa. Tulipofungua hedi tukakuta pistoni imeyeyuka ukingoni mpaka imetoboka.

Nikamrudia. Jibu: "Pampu niliyokuwekea ni kubwa, mafuta yapo, ila wewe umekanyaga sana." Nimekanyaga sana! Kwani tabo mtu anaifunga aitazame?

Fundi wa pili ndiye aliyenifungua macho, kwa geji ya presha na mita ya volti, vitu ambavyo yule wa kwanza hakuvishika hata mara moja. Pikapu hii haina bomba la kurudisha mafuta tenkini kutoka mbele kwenye injini. Regyuleta, kidhibiti cha presha ya mafuta, imekaa ndani ya tenki na inashikilia bar 3 muda wote, tabo isukume isisukume. Sasa fikirini. Nozeli inamwaga mafuta kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Manifoldi ikiwa na bar 0.7 za tabo zinazosukuma upande wa pili, zile bar 3 zinabaki na nguvu ya bar 2.3 tu. Mafuta yanayopita yanapungua kwa takriban asilimia 12, na yanapungua wakati ule ule injini inapovuta hewa nyingi kuliko wakati wowote. Kompyuta haina habari. Inafungua nozeli ikiamini tofauti bado ni bar 3.

Na pampu kubwa haitibu hilo! Pampu inaleta wingi, presha inaamuliwa na regyuleta. Ukiweka pampu kubwa mara mbili, ziada yote inamwagwa tenkini na mbele unabaki na bar 3 zako. Kilichotakiwa ni regyuleta yenye kibomba cha kutoka kwenye manifoldi, ili tabo ikipandisha 0.7 na presha ya mafuta ipande 0.7. Pamoja na bomba la kurudishia. Huo ndio "mfumo mzima" nilioulipia.

Bado waya. Pampu kubwa inakula umeme mwingi, yeye kaiachia waya zile zile nyembamba za kiwandani. Tumewasha pampu peke yake: betrini volti 12.6, kwenye pampu 10.4. Pampu ikikosa volti inazunguka polepole, na hata huo wingi anaojisifia haupo. Rilei moja (swichi ya umeme) na waya nene kutoka betri, kazi ya nusu siku. (Mpira alioutumia ndani ya tenki nao ni ule wa kawaida wa nje, umeshaanza kuvimba. Unaokaa ndani ya mafuta una aina yake. Hilo naliacha, nisije nikapasuka mimi.)

Kilichonimaliza ni utetezi wake kwamba madizeli anayafanyia hivi hivi kila siku na hayafi. Dizeli? Dizeli ukiipunguzia mafuta inakosa nguvu na kupoa. Ukiizidishia ndipo inatoa moshi mweusi na ekzosi inachemka. Petroli ni kinyume chake. Chini ya tabo unatakiwa uwe karibu na 12 kwa 1 au hata 11.5, hewa kwa mafuta. Ukipanda kuelekea 14.7, yaani mafuta machache zaidi, huku hewa imeshindiliwa, mchanganyiko unajilipukia wenyewe na pistoni haina ubavu wa kuhimili. Na hakuwa na namna ya kulijua hilo, maana sensa ya kiwandani ya kwenye ekzosi inachosema ni mafuta yamezidi au yamepungua, haisemi kwa kiasi gani. Ile geji ya sensa inayosoma upana wote hakuifunga hata kwa siku moja ya majaribio.

Kwa hiyo kabla hujaja kuniambia "ungenunua pampu kubwa zaidi", tafadhali rudi juu usome tena.

Ninachodai ni gharama za kufungua injini na pistoni zote nne, maana sifungi mpya moja na tatu zilizopitia joto lile lile. Yeye amekubali kurudisha hela ya ufundi tu, tena "kidogo kidogo". Vipimo vya fundi wa pili ninavyo kwa maandishi, na picha. Aliyewahi kubanana na fundi kwa kesi kama hii akalipwa, alianzia wapi?