Injini mpya "imezoeshwa" ndani ya pipa la maji, nikalipishwa kwa uharibifu huo

Ndugu zangu, nina hasira, na naomba mnivumilie. Nilipeleka injini mpya ya boti, ya mipigo minne, kwenye karakana ili ifungwe na kukaguliwa kabla ya kushushwa majini. Siku ya kuichukua nilikabidhiwa karatasi yenye maneno haya: "Imezoeshwa kwa muda wa saa 10. Iko tayari kwa mwendo wowote." Kuzoesha ni kuiendesha injini mpya kwa uangalifu saa zake za mwanzo, ili sehemu zake za ndani zisagike na kukaa sawa. Nilipouliza imezoeshwa wapi, ilhali boti ilikuwa juu ya magogo muda wote, fundi alinionyesha kwa fahari pipa lililokuwa uani, akanieleza kwamba waliiacha ingurume humo kwa siku mbili, ikiwa sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa, gia huru, bila propela. Saa hizo zote nimezilipia.

Ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda ili gesi na oili zisipite, hazikai sawa kwenye ukuta wa silinda kwa sababu tu injini inazunguka. Kinachozikandamiza ukutani ni shinikizo la gesi inayowaka juu ya pistoni na kupenya nyuma ya ringi, na shinikizo la kutosha hupatikana pale tu injini inapobeba mzigo, yaani propela inapokata maji na boti inapokwenda. Injini ya pipani haina mzigo wowote. Ringi huteleza tu juu ya oili, na ile mikwaruzo myembamba iliyochongwa kiwandani kwa makusudi, ili ishike oili na kuzisaidia ringi kusagika, hufunikwa na utando wa oili iliyoungua hadi ukuta ung'ae kama kioo. Ndiyo maana injini yangu leo inatoa moshi wa buluu, plagi zinalowa oili, na nguvu haipo. Jibu la karakana ni kwamba injini mpya zote hunywa oili. Hivi kweli?

Kitabu kilichokuja na injini kinataka saa hizo 10 za mwanzo zitumike boti ikiwa majini, mafuta yakiongezwa na kupunguzwa bila kung'ang'ania mwendo mmoja, na bila kufungulia mafuta yote mapema. Kitabu hicho nilikikuta ndani ya mfuko wake wa plastiki, haujachanwa.

Sipingi injini kuwashwa nchi kavu. Huwashwa kwa dakika chache, propela ikiwa imeondolewa, ili kutazama kama kuna mvujo, kuona kama maji yanaruka kwenye tundu la kuashiria upoozaji, au kuosha chumvi. Lakini vikombe vya mpira hubanwa kwanza kwenye matundu ya kuvutia maji, bomba likafunguliwa, ndipo ikawashwa. Nilipokwenda kulalamika, fundi yuleyule aliiwasha kavu mbele yangu, akisema ni "sekunde tu". Impela, yaani gurudumu lenye mbawa ndani ya pampu ya maji ya kupoozea injini, ni ya mpira na inalainishwa na maji hayohayo inayoyasukuma. Ikizunguka kavu, hata kwa sekunde chache, mbawa zake huanza kuungua. Na hilo pipa lenyewe lina lake, kwa kuwa moshi wa injini hutokea chini, ndani ya maji yaleyale, ukayapasha moto na kuyajaza mapovu, kisha pampu ikavuta mapovu badala ya maji. Saa 10 za namna hiyo!

Nimewaandikia nikitaka silinda zifunguliwe, ukuta ukwaruzwe upya, ringi na impela zibadilishwe kwa gharama yao, na malipo ya zile saa 10 yarudishwe. Mpaka sasa wamejibu jambo moja tu: wanaiomba karatasi yao "kwa ajili ya kumbukumbu". Hawaipati. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kukwaruziwa silinda za injini ambayo bado ni mpya kabisa, naomba anieleze kama moshi uliisha, au nianze moja kwa moja kudai injini nyingine.