Waliofika Portsmouth: tupeane uzoefu wa kutembea na kula

Habari zenu wanajamvi. Tuko wengi huku Uingereza, na wengine mnakuja kusalimia ndugu, lakini matembezi yetu mengi yanaishia London. Portsmouth je? Treni ya kutoka Waterloo inakushusha kituo cha Harbour, bandarini kabisa, na mengi ya kuona unayafikia kwa miguu. Mliofika, mliona nini, mlikula nini?

Mwana wa Fundi
Baba yangu ni fundi wa majahazi Lamu, kwa hiyo mimi nasema Mary Rose kwanza, mengine baadaye. Ni meli ya Mfalme Henry VIII, ilizama 1545, ikaopolewa 1982. Umebaki ubavu mmoja tu, ila unasimama mbele yake ukahesabu mataruma (mbavu za meli) moja moja. Mbao zimeshikwa kwa misumari ya mti! Na vitu vya mabaharia vipo: viatu vya ngozi, vitana vya chawa, mabakuli, hata punje za pilipili manga zilizotoka mashariki ya mbali. Victory, meli aliyofia Admirali Nelson wa Uingereza vitani Trafalgar mwaka 1805, iko jirani, ila ina matengenezo makubwa.

Mama Swabra
Tunaokula halali, kabla ya kuagiza samaki na chipsi ulizia mafuta. Wapo wanaokaangia mafuta ya ng'ombe, na wengine huchanganya bia kwenye unga wanaochovyea samaki. Uliza tu, watakujibu vizuri. Mimi nilipata pa mafuta ya mimea, nikatia siki na chumvi, nikaenda kulia Old Portsmouth, karibu na Round Tower. Mlango wa bandari pale ni mwembamba, meli kubwa zinapita karibu mno. Funikeni chipsi zenu, maana shakwe wa pale hawaogopi mtu.

Kijana wa Unguja
Assalaam alaykum. Sisi tulikwenda Southsea, upande wa ufukweni, kwa sababu nyengine. Sultani wa mwisho wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah, aliishi huko miaka zaidi ya 50 baada ya Mapinduzi ya 1964, mpaka alipohamia Oman 2020. Amefariki Desemba 2024. Msitafute kasri, mitaa ni ya kawaida. Ami yangu alisimama juu ya kokoto (ufuko hauna mchanga laini kama wetu) akaanza kutaja majirani zake wa Malindi ya Unguja waliotawanyika mwaka ule, jina baada ya jina. Nyumbani hajapata kuyataja mbele yetu. Baadaye tukala biriani, akarudi kucheka.

Baba Watatu
Mkiwa na watoto, mnara wa Spinnaker Tower una urefu wa mita 170 na sakafu ya kioo, wataufurahia. Mfuko ukibana, pandeni kivuko cha Gosport, mji wa ng'ambo ya bandari. Ni dakika chache tu, na mnaiona bandari vizuri.

Mama Swabra
Asante Baba Watatu. Hicho kivuko kinapokea kiti cha magurudumu? Mwezi ujao nampeleka mama.