Kubadilisha kem ya injini ya CG 150 mwenyewe nyumbani, niko sahihi?

isevya_150: Habari za jioni wakuu. Nina pikipiki ya kichina injini ya CG 150, naitumia safari ndefu, Tabora mpaka Kigoma napita Urambo, Kaliua, Uvinza, nyuma dumu mbili za asali na nikirudi nabeba mawese. Siku hizi vile vilima vya baada ya Uvinza inachoka kabisa, gia ya nne haivuti, na asubuhi hedi inagonga ta ta ta. Fundi mmoja kaniambia nitoe kem (ile shafti yenye nundu inayofungua valvu) niweke ile ya kukimbia pamoja na kabureta kubwa. Spana ninazo, nataka nifanye mwenyewe. Au napoteza hela?

mtoto_wa_gungu: Mkuu kem ya kukimbia achana nayo kwa kazi hiyo. Ile inaacha valvu wazi muda mrefu, nguvu inahamia juu kwenye resi kubwa, wewe na dumu zako unataka nguvu ya chini. Utafika Malagarasi mkono umechoka kwa klachi na mafuta yameisha. Hiyo ta ta ta ndo ungeanza nayo, ni tapeti, ule uwazi mdogo kati ya roka na valvu.

mzee_wa_ujiji: Kijana, CG haina cheni ya taimingi. Kem iko chini, inazungushwa na gia, ina nundu moja tu inayosukuma roka (vikono) mbili za chini, na zenyewe zinapandisha fimbo mbili mpaka kwenye hedi. Kwahiyo nundu ikiliwa valvu zote mbili zinafunguka kidogo, injini inakosa pumzi.

Seti tapeti injini imelala usiku kucha, weka alama ya T kwenye magneto (lile gurudumu la sumaku pembeni ya injini) na roka za juu ziwe zinacheza, zikibana zungusha raundi moja tena. CG 125 ya Honda ni 0.08 mm, nunua fila geji (vibati vya kupimia uwazi) usipime kwa wembe, wembe ni 0.1 tayari umezidi. Ikigonga bado, fungua. Kem na roka za chini badilisha kwa pamoja maana roka chakavu inaila kem mpya. Kurudisha, nukta ya gia ya kem itazamane na nukta ya gia ya krenki, paka oili kwenye nundu, zungusha kwa mkono raundi mbili nzima kabla hujapiga kiki, ikigota acha hapohapo valvu isije ikapinda. Na oili unamwaga lini?

isevya_150: Shikamoo mzee, asante sana. Oili nilikuwa naongezea tu, simwagi. Tapeti nimeseti bado ikagonga, leo nimefungua, oili iliyotoka ni nyeusi nzito kama masizi. Ncha ya nundu imebapa, nikipitisha ukucha unakwama, na roka moja ina kishimo pale inapogusa kem. Kem ya kawaida nimeipata mjini, roka za chini hawana, zinakuja na basi la Mwanza Jumatano. Sifungi mpaka zifike.

mzee_wa_ujiji: Marahaba. Funika injini kwa kitambaa safi vumbi lisiingie, na chujio la oili lisafishe kabla hujafunga.