Akiba ninayo, lakini kila nikitoa pesa roho inauma. Nifanyeje?

KIFUNGUO
Wakuu, salamu kwenu. Naombeni ushauri, na mwenye kunisema aniseme tu, nimeshazoea.

Mimi na mke wangu wote tuna ajira na mishahara si haba. Shida ni kwamba pesa kwangu na pesa kwake ni vitu viwili tofauti. Mimi mshahara ukiingia, robo naihamishia akiba siku hiyo hiyo kabla sijalipa chochote. Nimeanza hivyo tangu kazi yangu ya kwanza, na sasa akiba imefika kiasi cha kuiendesha nyumba karibu miaka miwili bila mshahara wa mtu yeyote. Usiku kabla ya kulala nafungua simu naangalia salio. Nikiliona halijapungua, nalala.

Mke wangu anaona pesa ni ya kutumika. Si mtu wa anasa, ila kinachohitajika akinunue sasa, tena kizuri. Ugomvi wa sasa hivi ni godoro. Letu limebonyea katikati, usiku wote wawili tunaporomokea kwenye shimo, asubuhi kila mtu anashika kiuno. Nilitumwa dukani. Nikayabonyeza, nikasoma bei, nikapiga hesabu ni sehemu gani ya akiba, nikarudi na mbao mbili za kusukumia chini ya lile la zamani. Shemeji yenu hajanisemesha vizuri tangu hapo.

Juu ya hilo anataka sehemu ya akiba tuiwekeze: hisa, hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mimi nikisikia hisa naona pesa inayeyuka. Nimekulia kwenye nyumba ambayo pesa ilikuwa inaisha kweli kweli, na sitaki kurudi huko. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama ni yeye, mtu anajifunzaje kutumia?

NGOJA NIONE
Mbao chini ya godoro! Huu sasa si ubahili, ni mkono wa birika wenye cheti. Nimevuta kiti, nasubiri shemeji ajitokeze atoe upande wake.

MAMA WAWILI
Kaka, umeeleza vizuri kuliko unavyodhani. Sentensi ya maana kwenye maelezo yako yote ni ile ya nyumba uliyokulia. Huogopi godoro, unaogopa kurudi kule. Na hofu hiyo haitulizwi na salio, kwa sababu hujawahi kuiambia kiasi gani kinatosha. Ukiwa na ya miezi sita utataka ya mwaka, ukiwa na ya mwaka utataka ya miaka miwili, na sasa umefika na bado unachungulia simu gizani.

Mimi na mume wangu tulikuwa kinyume chenu, mimi ndiye mwenye mkono mwepesi. Kilichotusaidia si kuhubiriana. Tulikaa tukaulizana, hii pesa ni ya nini na ya lini? Ya dharura ikapewa kiwango chake na tukaandika ukomo. Ya ada za watoto ikapewa tarehe yake. Iliyobaki bila kazi wala tarehe ndiyo tuliyokuwa tunagombania kila mwezi. Hebu jaribu na wewe. Nina wasiwasi utakuta zaidi ya nusu ya akiba yako haina kazi yoyote zaidi ya kukubembeleza ulale.

Halafu nunua godoro, jamani. Mgongo nao ni mtaji.

BINTI MAKINI
Mimi nitamtetea kidogo. Watu humu wanacheka mbao, lakini mtu anayeweza kuweka robo ya mshahara bila kushurutishwa ana nidhamu ambayo wengi wetu tunaitafuta kwa tochi. Wenye matatizo ya kweli ni wale ambao gari likiharibika wanakimbilia mikopo. Kaka, usikubali mtu akuaibishe kwa kuweka akiba. Ila mwache shemeji naye aishi.

MZEE WA HESABU
Tuache roho kidogo tuangalie namba, maana Kifunguo anaamini akiba yake haipungui. Inapungua, ila salio halionyeshi.

Tuseme akaunti inakupa riba ya asilimia 4 kwa mwaka na bei za vitu zinapanda kwa asilimia 7. Kila mwaka unasogea nyuma karibu asilimia 3. Baada ya miaka 10, kile ambacho 100 yako ingenunua leo, kitafanana na cha 75. Robo imeondoka na hakuna mwizi aliyeingia. Ukitaka njia ya haraka, chukua 72 ugawe kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata takribani miaka ya bei kupanda maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kwa asilimia 9 ni minane. Weka namba za mahali ulipo, mimi nimeweka za mfano.

Kwa hiyo hofu ya kupoteza imekuweka mahali ambapo kupoteza ni uhakika, tofauti ni kwamba kunakuja polepole na kimya kimya. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya jambo hili, kwamba hasara humuuma mtu zaidi ya vile faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Vipimo vilivyokuja baadaye viliweka maumivu hayo kwenye takribani mara mbili. Kwa hiyo hauna ugonjwa, mkuu. Uko kama wengine, ila wewe umeipa hofu yako akaunti ya benki.

Swali moja: una mkopo wowote?

FAIDA CHAPCHAP
Kifunguo achana na hao wasomi. Kuna mpango tunaoufanya, asilimia 30 kwa mwezi, mtaji wako unalindwa, unatoa muda wowote. Njoo inboksi nikuunganishe na kundi kabla nafasi hazijajaa.

MZEE WA HESABU
Asilimia 30 kwa mwezi, faida ikiachwa humo humo, ni zaidi ya mara 23 kwa mwaka. Aliyeweka mshahara wa mwezi mmoja Januari, mwakani angekuwa na mishahara ya karibu miaka miwili. Mtu mwenye mashine hiyo angekopa benki yote kimya kimya, asingekuja kututafuta sisi. Tapeli Charles Ponzi mwaka 1920 kule Boston, Marekani, aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, na waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata hadi pakakosekana wa kufuata. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado maneno ni yale yale: nafasi zinajaa, mtaji unalindwa.

NGOJA NIONE
Huyo Chapchap amekuja kumwinda mtu anayewekea mbao godoro. Ana moyo.

KIFUNGUO
Nashukuru nyote. Mama Wawili, swali lako la pesa hii ni ya nini limenikalisha macho. Nimejaribu kugawa na kweli, baada ya dharura na ada, inabaki kubwa isiyo na jina.

Mzee wa Hesabu, mkopo upo. Ni wa riba ya asilimia 18, tuliuchukua wakati wa kukarabati nyumba, na umebaki kama thuluthi ya akiba. Nalipa kila mwezi bila kuchelewa, kwa hiyo sikuona kama ni sehemu ya jambo hili. Akiba ni akiba, mkopo ni mkopo.

MZEE WA HESABU
Hapana, hapana, hapana. Hapo ndipo penye uzi wenyewe.

Kila 100 iliyolala kwenye akaunti inakupa 4. Kila 100 unayodaiwa inakula 18. Una zote mbili kwa wakati mmoja, maana yake unalipa 14 kwa mwaka kwa kila 100 ili tu uwe na raha ya kuliona salio halijashuka. Sijui godoro gani lingeweza kukugharimu hivyo. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alieleza tabia hii: watu huzigawa pesa zao kwenye vyumba vya kichwani, chumba cha akiba, chumba cha deni, chumba cha matumizi, na hawafungui mlango kati yake hata pale ambapo kuufungua kungewafaidi. Kuzigawa si kosa, hata ushauri wa Mama Wawili ni kugawa. Tatizo ni pale mlango unapofungwa kwa kufuli.

Kulipa mkopo huo ni uwekezaji wa asilimia 18 usio na hatari yoyote. Ni vigumu kupata hisa au hatifungani ya kuaminika itakayokuahidi hivyo. Bakiza ya dharura, usiiguse. Kwa nyumba yenye mishahara miwili, ya miezi mitatu hadi sita inatosha watu wengi. Mwenye kazi isiyotabirika aongeze.

MWASHI
Naomba kupingana na jambo moja kabla hamjampeleka kwenye hisa mbio mbio. Kuna usemi humu kwamba hisa ukizikalia muda mrefu lazima zipande. Soko la Japani lilifika kilele mwisho wa mwaka 1989, na kipimo chake cha Nikkei hakikurudi pale hadi Februari 2024. Miaka 34. Mtu aliyeweka zote kwa mkupuo mwaka ule akiwa na umri wa 35, alikaribia 70 kabla ya kuiona namba ile tena. Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, lilikuwepo njiani, sikatai, na aliyekuwa anaweka kidogo kidogo miaka yote hiyo hali yake ilikuwa nzuri zaidi. Lakini ndiyo maana usiweke soko moja, wala kampuni moja, wala pesa utakayoihitaji ndani ya miaka mitano. Mifuko inayonunua hisa nyingi kwa pamoja ipo kwa ajili hiyo, na uangalie ada wanayokata. Asilimia 2 kwa mwaka inaonekana ndogo ila ndani ya miaka 25 hula sehemu kubwa mno ya faida.

Na kingine: ile tabia ya kuangalia salio kila usiku, iache huko huko kwenye akiba. Hisa ukiziangalia kila siku, karibu nusu ya siku hizo utaziona zimeshuka. Ukiziangalia mara moja kwa mwaka, miaka ya kushuka ni michache. Hisa ni zile zile, ila wewe wa kila usiku utauza kabla ya mwaka kuisha.

MAMA WAWILI
Jamani mmemjibu swali la hisa, lile lingine mmeliruka. Aliuliza mtu anajifunzaje kutumia.

Kaka, hutajifunza kwa kuambiwa "jiachie". Wewe ni mtu wa utaratibu, basi kutumia nako kuwekee utaratibu. Kila mmoja wenu awe na kiasi chake cha mwezi ambacho mwenzake haulizi kimekwenda wapi. Chako kikiisha mwezi bila kutumika, kisirudi akiba. Hapo ndipo utatoka jasho! Na michango ya nyumba igawanywe kwa uwiano wa mishahara, anayeingiza 60 kati ya 100 achangie 60, asije mmoja akabaki mtupu mwingine akatamba na akiba.

BINTI MAKINI
Naongezea hapo kwa dada. Kuna mpango ambao Thaler huyo huyo na mtafiti mwenzake Shlomo Benartzi waliandika juu yake mwaka 2004. Wafanyakazi waliokuwa wanashindwa kuweka akiba waliombwa wakubali mapema kwamba kila nyongeza ya mshahara ikija, sehemu yake itakwenda akiba yenyewe. Waliojiunga walitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40, kwa sababu hakuna aliyeona pesa aliyokwisha kuizoea ikiondoka. Shemeji anaweza kufanya hivyo. Wewe Kifunguo ugeuze: kubali leo kwamba nusu ya kila nyongeza itakwenda kwenye maisha, si akiba. Salio lako halitashuka, litapanda taratibu tu kuliko zamani. Nadhani hilo roho yako italimeza.

KIFUNGUO
Hilo la nyongeza nalipenda. Jana nimemwonyesha mke wangu ushauri wenu, amecheka sana kwa Ngoja Nione na amekubaliana na Mzee wa Hesabu kabla hajamaliza kusoma. La mkopo tumekubaliana. La kiasi cha kila mmoja tunabishana ni kiasi gani, lakini tunabishana vizuri.

Swali la mwisho. Tukishalipa mkopo na kutenga dharura na ada, itakayobaki ya kuwekeza niiweke yote siku moja au kidogo kidogo?

MZEE WA HESABU
Kwa hesabu tupu, mara nyingi kuweka yote siku moja hulipa zaidi, kwa kuwa masoko mengi yana miaka ya kupanda mingi kuliko ya kushuka, na pesa inayosubiri nje haizai. Lakini hesabu hizo hazikujui. Wewe soko likishuka asilimia 15 mwezi wa pili utatoa zote na hutarudi tena maisha yako yote. Igawe vipande 12, kila mwezi kimoja, kihamishwe chenyewe siku ya mshahara kama ulivyozoea kufanya na akiba. Utapoteza kidogo kwenye karatasi. Chukulia ni ada ya kukufanya ubaki ndani.

MWASHI
Na kabla ya kupeleka pesa ya mkopo, soma mkataba wako au waulize waliokukopesha kama kuna faini ya kulipa mapema. Wengine wanatoza. Ikiwa ndogo kuliko riba iliyobaki, lipa. Ukimaliza dai barua ya kuthibitisha deni limefungwa, uitunze.