Koroneri (afisa anayechunguza vifo vya ghafla) kahamisha mwili wa kaka bila kutuambia. Ana haki hiyo?

Mgosi_Ughaibuni: Wakuu, kaka yangu alianguka bafuni Jumapili, huku huku Uingereza, akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Jumatatu nimekwenda mochwari na sanda kwenye mfuko, naambiwa mwili haupo, koroneri kauhamishia mji mwingine, mwendo wa saa nzima. Hatukuulizwa. Mama yuko Tanga, kila nusu saa anapiga: "Mnamleta lini?" Naweza kugoma asipasuliwe?

Bi_Chuda: Pole sana mdogo wangu, Inna lillahi. Kuhamisha anaweza. Sheria ya makoroneri ya 2009, kifungu cha 15, inamruhusu kuagiza mwili upelekwe popote panapofaa. Mara nyingi ni kumfuata daktari mpasuaji, au majokofu yamejaa. Kifo cha ghafla kikishafika mezani kwake, hata watu wa mazishi hawachukui mwili bila ruhusa yake.

Mzee_wa_Baridi: Jipange kusubiri tu. Dini yetu hawaijali hao.

Bi_Chuda: Taratibu, mzee. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya London ilisema koroneri aliyegoma kabisa kumtanguliza mtu kwa sababu ya dini alivunja sheria. Walioshtaki ni Wayahudi, nao huzika haraka kama sisi. Hupewi nafasi ya kwanza moja kwa moja, ila lazima akusikilize.

Dada_wa_Zamu: Nimewahi kufanya kazi mochwari. Kugoma hakusaidii, ridhaa yenu haihitaji. Kapige simu asubuhi kwa afisa wake, omba kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili, badala ya kisu. Sehemu nyingi familia ndiyo inalipa, na picha isipoonyesha sababu watapasua tu. Siku 28 zikipita hajauachia, lazima awaeleze kwa nini. Kuhusu Tanga, watu wa mazishi wampelekee koroneri taarifa ya kusafirisha mwili nje. Kusubiri ni siku nne kamili, ila anaweza kuruhusu mapema. Mwombeni, msikae kimya.

Mgosi_Ughaibuni: Nimempata afisa saa tatu, mama mmoja mpole. Kipimo ni kesho, tumechangishana. Mama kauliza kama humo kwenye jokofu kuna baridi sana. Nimemwambia hapana.

Bi_Chuda: Umejibu vizuri. Tuma namba ya mchango hapa.